Yai la Mbwa

Nianze kwa kusema kwamba yule mbwa sikumpenda. Watu wakisimulia habari za mbwa wao hupenda kulia tangu mwanzo, na mimi sina machozi ya kugawa. Alikuwa mbwa wa mume wangu, mwekundu, masikio yamechanika kwa kupigana na nguruwe mwitu, na kazi yake nyumbani ilikuwa kulala kwenye jivu la jiko langu. Alfajiri nikiinama kupuliza moto, ananipigia chafya usoni. Jina lake silitaji. Mume wangu alimpa jina la fumbo, kama wawindaji wanavyopenda, na fumbo lenyewe lilinisema mimi, kwa hiyo wajukuu zangu hawatalipata hapa.

Tulikaa Mlabani. Siku hizi pana maduka, na mafundi cherehani wamekaa barazani. Wakati ule palikuwa na mpunga, matete, na nyumba chache za nyasi zilizojengwa kwenye vichuguu kwa hofu ya mafuriko. Wadachi walikuwa na boma lao Mahenge, juu milimani, na Ifakara waliweka askari wachache wa kutuhimiza kodi na kilimo cha pamba. Mume wangu alikuwa mwindaji. Aliwinda ndezi kwenye matete na nguruwe mashambani, na mara kwa mara alikwenda upande wa Mkula, chini ya milima, siku tano au sita, akirudi na nyama kidogo na usingizi mwingi. Sikuuliza kitu. Nilikuwa mjinga, na tena nyumba ilitulia akiwa hayupo.

Wawindaji wa kwetu humfundisha mbwa jambo moja kabla ya mengine yote: asiguse chakula mpaka bwana wake ameonja. Mbwa asiyelijua hilo atamla ndezi wako huko huko porini na kukuletea mkia. Basi kila jioni nilimwekea mbwa makombo kwenye kigae chake, naye akakaa mbele yake mate yakimdondoka, hajasogea. Mume wangu akaja, akachota kidogo kwa vidole, akatia mdomoni, akasema "haya". Hapo ndipo mbwa akala. Nilimtazama mume wangu akila makombo ya mbwa miaka minne mfululizo, kisha akija kulalamika kwamba ugali wangu una mabuja ya unga mbichi.

Kisha ile dawa ikafika. Mgawaji alikuja na vibuyu viwili vya maji, akasema mtu akinywa na kunyunyiziwa, risasi ya Mdachi itageuka maji na kumtiririka mwilini. Wanaume wote wakajipanga. Mume wangu alipokwisha kunyunyiziwa akasema mbwa wake naye anakwenda vitani, tena atatangulia mbele, kwa hiyo apewe haki yake. Mgawaji akasita, maana waliomtuma hawakumwambia habari za mbwa. Watu wakabishana kwa muda mrefu, kila mmoja na hoja yake, kana kwamba Wadachi wanatusubiri tumalize. Mwisho akammwagia mbwa mgongoni. Mbwa akajikung'uta, na dawa karibu yote ikamrudia mgawaji usoni.

"Angalau wewe sasa huwezi kufa," mume wangu akamwambia, na uwanja mzima ukacheka.

Miiko ikatolewa. Wanaume wasilale na mwanamke mpaka vita viishe. Na sisi wake tushike miiko ile ile wanayoshika wake wa wawindaji wa viboko: tusigombane, tusigawe moto, tusile chumvi, na kila mwiko wa kawaida wa wanawake tuushike mara mbili. Mke akivunja, dawa inamharibikia mumewe. Maana yake ni kwamba vita vikishinda, wanaume wamepigana. Vikishindwa, kuna mke aliyeonja chumvi. Hata siku ile niliona kwamba mambo yamepangwa vizuri sana kwa upande mmoja.

Wakavuka mto kwa mitumbwi, wamejifunga mabua ya mtama vichwani, mbwa amesimama kwenye omo kama ndiye mwenye vita. Nilisimama ukingoni na jirani yangu. Tuliolewa mwezi mmoja, tukapika pamoja, tukachota maji pamoja, na mume wake na wangu walikaa mtumbwi mmoja. Yeye alilia. Mimi nilimpungia mkono mbwa, kwa dhihaka.

Siku ya tisa mbwa akarudi peke yake.

Nilimkuta asubuhi kwenye jivu, mahali pake pa siku zote, nikainua mguu nimfukuze. Ndipo nikaona paja la nyuma limevimba, na tundu linalotoa usaha. Alikuwa ameloa matope ya mto mpaka shingoni. Nikatoka nje kutazama njia nikidhani mume wangu anakuja nyuma yake. Nikatazama mpaka jua likapanda.

Mama mkwe alikuwa mkunga. Kwa kuwa mkono wake haukutetemeka, wawindaji walimletea pia mbwa waliopasuliwa na nguruwe, na mara nyingine walijileta wenyewe. Alikuja, akachuchumaa, akabonyeza lile paja kwa kidole gumba.

"Mna kitu humu," akasema. "Mshike kichwa. Akikuuma, usimpige. Ana haki."

Tukamfunga mdomo kwa ugwe wa gome la mti. Nikamkalia mabegani. Mama mkwe alipitisha wembe kwenye moto, akachana pale palipovimba, akaingiza koleo ndogo ya mhunzi na kuanza kutafuta, macho yake yakiangalia paa, kama anavyofanya akitafuta mtoto aliyekaa vibaya. Mbwa alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama wala kwa mtu, na mimi, niliyekuwa simpendi, nilijikuta namwambia sikioni pole, pole, pole. Koleo ikatoka na kipande cha risasi cheusi, kikubwa kuliko punje ya hindi. Akasafisha kwa maji ya chumvi, akashona kwa uzi wa katani na sindano ya mikeka, mishono saba, akapaka asali juu.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka. Aliitia ile risasi kwenye bakuli la maji, akaliweka kando, akakaa kuitazama kuona kama itayeyuka. Tulikaa wote wawili tukiitazama mpaka maharage yakaiva jikoni. Risasi ikakaa pale pale chini.

"Basi kuna mwiko umevunjwa," mama mkwe akasema.

"Wa mbwa?"

"Mbwa jike wamejaa njia nzima kutoka hapa mpaka Mahenge," akajibu. "Unadhani alijizuia?"

Mbwa alianza kulamba mishono. Mama mkwe akachukua mgono mbovu, ule mtego wa samaki unaosukwa kwa fito, akaukata kitako na kumvika shingoni, mdomo mpana ukielekea mbele. Kwa muda wa majuma matatu nilikuwa na mbwa aliyeingia nyumbani kwa kugonga miimo yote miwili ya mlango. Watoto wa mtaa walikuja kumuuliza amevua nini.

Habari ya chakula ilikuwa amri ya mama mkwe, na amri zake hazikuwa na mjadala. Siku tatu za kwanza maji ya mchele peke yake, ya vuguvugu, kidogo kidogo. Baadaye uji wa mchele mwepesi uliovunjiwa yai bichi, asubuhi, mchana na jioni. Mfupa asiuone. Samaki wa miiba asimnuse, mpaka nyuzi zitoke. Kila asubuhi mama mkwe alikwenda nyuma ya nyumba kukagua kinyesi chake, akarudi na taarifa. Nakwambia, Wadachi walikuwa wanachoma vijiji vya ng'ambo, na sisi nyumbani kwetu habari kubwa ilikuwa kinyesi cha mbwa.

Maji ya mchele nilimminia mdomoni kwa kitambaa, akayameza. Ulipofika uji wa yai, nikamwekea kwenye kigae. Akakaa. Akautazama uji, akanitazama mimi. Mate yalimtoka, mbavu zilikuwa zinahesabika, lakini hakusogea. Nikamwambia "haya". Nikamwambia haya kwa ukali, kwa upole, kwa sauti nzito ya kumwigiza mume wangu. Asubuhi ikapita, mchana ukapita, uji ukaganda. Alikuwa anangoja bwana wake aonje.

Sasa elewa shida yangu. Kwetu mwanamke hakula yai. Mayai yalikuwa ya wanaume, na mwanamke akila atazaa mtoto mwenye upara, au hatazaa kabisa. Na hayo ni ya mwaka wa amani. Ule ulikuwa mwaka wa vita, mume amenyunyiziwa dawa, na mwiko wowote nitakaouvunja unamwangukia yeye huko aliko. Nikaupika uji mwingine bila yai, nikauonja mbele ya mbwa, akaula. Jioni akaharisha, akalala hajiwezi. Mama mkwe akauliza yai liko wapi. Nikasema nimelitia. Kesho yake mbwa hakuweza hata kuinua ule mgono wake.

Kwa nini sikumwacha afe? Nitasema wazi. Kwa sababu yeye peke yake alijua mume wangu yuko wapi. Watu waliorudi kutoka Mahenge walikuwa wachache, na walisimulia habari ya bombomu ya Wadachi iliyotapika risasi kutoka juu ya boma, na watu wakaanguka safu juu ya safu. Mume wa jirani yangu walimwona akianguka. Wangu hawakumwona mwenyewe. "Lakini mbwa wake tulimwona mbele kabisa," wakasema, "na alipo mbwa wa mwindaji ndipo alipo mwindaji." Kila mtu akakubali, maana ndivyo ilivyo. Kama yuko hai amejificha mahali amejeruhiwa, ni mbwa atakayenifikisha kwake. Kama amekufa, ni mbwa atakayenionyesha mifupa. Mbwa akifa, ningebaki mlangoni nikitazama njia mpaka uzee.

Basi nikachota uji wa yai kwa vidole viwili, nikatia mdomoni, nikasema haya. Mbwa akala yote na kulamba kigae.

Na mimi nikasimama pale nimepigwa na bumbuwazi. Lilikuwa tamu! Nilikasirika. Miaka yote ile nafuga kuku, nalinda mayai dhidi ya kenge na nyoka, namkaangia mtu mwingine, kumbe ndiyo haya? Mchana nikaonja tena, vidole vitatu. Jioni nikatumia kata. Siku ya nne tulikuwa tunagawana nusu kwa nusu, na kusema kweli nusu yake ilikuwa ndogo.

Mama mkwe alinifuma. Aliingia bila hodi, kata ikiwa mdomoni mwangu na ute wa yai ukining'inia kidevuni.

"Umemla mwanangu," akasema.

"Mama, mbwa hali mpaka nionje. Na tena amepigwa risasi kabla sijaonja yai hata moja."

"Mbwa alipigwa kabla. Mwanangu hatujui. Pengine alikuwa amelala amejeruhiwa mahali, anataka kuinuka, nawe hapa unameza yai."

Nilijifanya mkali, nikaosha vyombo kwa kelele. Jioni nilikwenda kwa jirani yangu nikimtafuta mtu wa kunicheka. Alikuwa amenyolewa nywele za msiba. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono.

"Dada, ni mimi niliyemuua," akaninong'oneza. "Nilionja chumvi. Napika mboga, nikasahau, nikaweka ulimini. Kidogo tu."

Nilimwambia asiseme upuuzi. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe, kisha nikarudi nyumbani bila kusema habari ya yai. Tangu siku ile jambo moja lilinikosesha usingizi: je, mume wangu amekufa, na kama amekufa, ni mimi? Nilihesabu mayai niliyokula. Nilimlisha yule mbwa kwa bidii ambayo mama yangu mzazi hakuipata kwangu. Ulipofika wakati wa mchuzi, nilichambua perege kwa kucha, mwiba mmoja mmoja, mpaka vidole vikanuka siku nzima. Na bado kila mara ilibidi nionje kwanza, na kila mara nilihisi namtafuna mtu.

Mama mkwe aliacha kusema nami. Alisema na mbwa. "Mwambie huyo chumvi ya kuoshea kidonda imekwisha," alimwambia mbwa, nami nimesimama hatua mbili pembeni. "Mwambie mama asubiri nimalize kutwanga," nami nikamwambia mbwa. Mbwa alizungusha mgono wake huku na huku, akitusikiliza wote kwa heshima.

Siku nyuzi zilipotolewa, manyoya yalikuwa yameanza kuota pembeni ya kovu. Baada ya siku nyingine chache alitembea bila kuchechemea sana. Mama mkwe akavaa kaniki yake, akachukua fimbo, akamwambia mbwa: "Mwambie huyo tunakwenda."

Tukamvua mgono, nikamfunga kamba, nikamwelekeza mtoni, kusini, kwenye njia ya Mahenge. Akakaa chini. Nikamvuta. Akajikaza na miguu minne. Nikalegeza kamba, naye akageuka, akashika njia ya kaskazini, ya Mkula.

"Mwambie amepotea," nikamwambia mama mkwe, nikisahau kwamba hatusemezani. "Vita vilikuwa kusini."

"Mbwa amelishwa mayai ili atuongoze," akajibu hewani. "Sasa mtu anataka kumwongoza yeye."

Tukamfuata siku tatu. Nilitengeneza hadithi njiani: mume wangu ameponyoka, amezunguka kwa mbali kukwepa askari, amefika milimani na jeraha, anakula mizizi pangoni. Nilijiona nikimminia maji ya mchele kwa kitambaa. Nilikuwa tayari kumsamehe mabuja yote. Usiku tulilala kwenye madungu ya walinzi wa mashamba, mbwa katikati yetu, kila mmoja wetu akimwambia mbwa alale salama.

Tulipofika Mkula, mbwa hakutazama pangoni wala milimani. Alipita uwanja wa nyumba nne, akaingia wa tano, akazunguka nyuma ya ghala mahali penye kivuli, akakaa chini mbele ya kigae. Kigae chake. Kilikuwa kimefukiwa nusu ardhini ili kisipinduke, na kingo zake zimelainika kwa kulambwa miaka mingi.

Mwanamke akatoka jikoni, mtu mzima, mnene kidogo, mwenye uso wa upole. Akamwona mbwa, akapiga makofi.

"Kumbe u hai!" akasema. Akaingia, akatoka na ukoko wa wali, akamwekea kigaeni. Sisi hakutuona, tulikuwa upande wa pili wa ghala.

Mbwa akakaa. Mate yakimdondoka, hajasogea.

"Njoo umwonjee mbwa wako," mwanamke akaita ndani.

Na mume wangu akatoka. Alikuwa amenenepa. Akainama, akachota ukoko kwa vidole, akatia mdomoni, akasema "haya". Akiwa anatafuna ndipo akainua macho akamwona mama yake.

Nitaeleza kwa kifupi yale aliyoyaeleza yeye kwa kirefu. Jioni ya kwanza ya safari ya vita, mitumbwi ilipokwisha kuvuka, alikwenda kichakani kujisaidia, na haja ile ikamvusha mto tena usiku, ikampeleka mpaka Mkula. Mbwa alikuwa ametangulia na wapiganaji wengine, amenusa nguruwe. Hakuweza kumwita bila kujulikana. Kwa hiyo mbwa akaenda vitani, mwindaji akaenda kwa hawara.

Mama mkwe alimzunguka mwanawe polepole, akimkagua mgongo, mapaja, mikono, kama anavyomkagua mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

"Hana hata mkwaruzo," akasema. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya majuma mawili, akaniambia mimi mwenyewe: "Mkamwana, twende nyumbani ukale mayai."

Nilimpiga mume wangu kwa fimbo ya mama mkwe, na mama mkwe hakuiomba. Nilimpiga nikilia kwa furaha kwamba sikumuua. Nililia sana. Yule mwanamke alituletea maji ya kunawa, na sina neno baya la kusema juu yake, ila wali wake ulikuwa na mawe.

Tulirudi naye kwa siri, na njiani mama mkwe alipanga maneno. Mwanawe alipigana. Alikuwa mbele kabisa, shahidi ni mbwa. Risasi zilimwagika mwilini mwake zikawa maji, kwa sababu nyumbani kwake mke alishika mwiko. Akaniangalia. Nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimepewa sifa, na mume juu yake.

Baadaye askari walikuja kuchoma maghala, wakawapanga wanaume uchi kutafuta makovu. Mwenye kovu la risasi alikuwa mwasi, wakamchukua, hakurudi. Mume wangu walimgeuza wakampa teke akaenda zake. Mbwa mwenye kovu nilimficha chini ya kapu la kuku. Ikaja njaa, tukala mizizi ya porini na ndezi wa yule mbwa, na kati ya walio hai Mlabani mpaka leo, ni wachache wanaojua kwamba wako hai kwa ajili ya mguu ulioshonwa mishono saba. Alikufa kwa uzee, kwenye jivu langu.

Mume wangu akawa ushahidi. Miaka ilivyozidi kwenda, ndivyo risasi zilivyozidi kuwa nyingi. Alivua shati vilabuni: "Tazameni! Dawa ilikuwa ya kweli. Wenzetu waliangushwa na wake zao." Na wajane walikuwa wamekaa hapo hapo wanasikiliza. Jirani yangu alikuwa amekaa hapo hapo. Tangu wiki ile ya msiba hakula chumvi tena. Kwenye harusi, kwenye Pasaka tulipokwisha kubatizwa, nilimpikia chungu chake pembeni, bila chumvi, na watu wakasema ni mapenzi ya marafiki. Nami nilipokea sifa hiyo pia. Nilizaa watoto sita, wote na nywele mpaka kwenye nyusi, na mayai nilikula mbele za watu bila aibu. Yeye alikula mlenda wa maji matupu.

Niliificha siri ya mume wangu mpaka alipokufa, na mama yake alikufa kabla yake. Kisha nikaenda kuungama. Padri alicheka habari ya yai mpaka kiti kikalia. Nilipofika kwa jirani akaacha kucheka.

"Hilo usiniambie mimi," akasema. "Kamwambie yeye."

Nikapika. Samaki, nyanya, chumvi ya kutosha. Nikambebea. Tulikuwa wazee wote wawili, meno yetu tukiyakusanya hayajazi kinywa kimoja. Nikaweka bakuli kati yetu, nikamweleza yote: kichaka, Mkula, kigae, ukoko. Nikamwambia mume wangu alivunja mwiko kuliko wote na ndiye aliyerudi mzima, na mbwa aliyemwagiwa dawa ndiye aliyepigwa. Nikamwambia ulimi wake haukumuua mtu.

Hakulia. Alitazama bakuli.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, dada."

"Ulinipikia chungu changu pembeni, na ulijua."

Niliona aibu ambayo sijaiona hata siku ya kata mdomoni. Nilitaka kumwambia habari za mama mkwe, za askari, za makovu, kwamba neno moja lingemuua mtu. Yote yalikuwa kweli kwa miaka miwili ya kwanza. Iliyobaki niliipitisha kwa uvivu na kwa kupenda sifa. Nikamwambia hivyo.

Harufu ya samaki ilikuwa inampanda puani, na nikaona mate yakimjaa mdomoni, lakini hakusogea. Kisha akasukuma bakuli kwangu kwa kidole kimoja.

"Kula wewe kwanza," akasema.

Nikachota kwa vidole viwili, nikatia mdomoni, nikameza. Akaningoja. Nikasema, "Haya." Naye akanyoosha mkono akala.